Fundi Adai Waya wa Ardhi

Mwaka mzima fundi umeme alikuwa amekatazwa kupanda nguzo. Moyo wake ulikuwa na tabia mbaya: ghafla tu unaanza kwenda mbio ovyo ovyo, na kichwa kinazunguka. Siku moja ulimfanyia vituko hivyo akiwa juu kabisa, na tangu hapo msimamizi alimkalisha stoo agawe koleo na glavu. Mtu wa kupanda kufanywa mtunza mlango! Ilimuuma kweli kweli. Sasa hospitali ilikuwa imempangia tiba. Ikifaulu, anarudi kwenye nguzo. Isipofaulu, ni stoo mpaka astaafu.

Asubuhi ya tiba alipanda kitandani na viatu vyake vya kazi, vile vya soli nene ya mpira, akagoma kuvivua.

"Mnanitia umeme, halafu mnanivua mpira?" alimwambia daktari. "Waya wa ardhi uko wapi? Na swichi kashika nani?"

"Baba watoto, usituaibishe," mkewe alinong'ona.

Daktari, mama mmoja mpole, hakucheka. Alivuta kiti.

"Swichi nashika mimi. Napitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Zamani tulikuwa tunaunguza au kugandisha sehemu inayoleta fujo. Huu umeme ni wa mapigo mafupi mno, hata kufumba jicho ni kurefu. Unatoboa zile seli za moyo zinazotoa amri za uongo, zinakufa. Majirani zake, kama njia ya chakula, kwa kawaida wanasalimika."

"Kwa hiyo hakuna hatari?"

"Ipo, sikufichi. Ndogo, lakini ipo."

Jibu hilo ndilo lililomtuliza. Katika kazi yake, anayekwambia hakuna hatari ndiye wa kumkimbia. Akapiga moyo konde, akavua viatu mwenyewe, akalala chali.

Miezi mitatu baadaye, vipimo vikiwa safi na daktari amemruhusu kwa maandishi, laini ilizimwa, na fundi akapanda. Juu alikuta kikombe cha kauri cha kushikilia waya kimefungwa upande. Akaanza kumsema aliyekifunga, kwa raha zake.

"Moyo unasemaje huko?" msimamizi alipaza sauti.

Fundi alikuwa anapambana na nati iliyogoma.

"Nakuuliza, moyo!"

"Moyo gani tena?" fundi alifoka. "Nifungie spana kwenye kamba!"

Ndipo alipogundua kwamba tangu aanze kupanda hakuwa ameusikiliza hata mara moja.