Mikono ya Levina

Kila Jumapili akitoka misa ya pili, Xavery huiegemeza simu kwenye chupa ya asali na kumsubiri binti yake, Levina, apige. Kuishika hawezi. Mikono yake inatetemeka tangu machimbo ya Lusu, ambako kwa miaka minane aliikamata dhahabu kwa zebaki, akiichanganya na mchanga kwa viganja vitupu na kuichoma kwenye kikaango kama mtu anayekaanga mayai. Siku hizi chai anajaziwa nusu kikombe, na vifungo vya shati anafungwa na jirani. Lakini Levina alisoma, na hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Levina yuko Ujerumani, mwaka wa tatu sasa, anachunguza protini ya kijidudu cha malale. Malale ndiyo iliyomchukua mama yake, Apolinaria, enzi wakilima tumbaku Kaliua. Protini ile ikijulikana ilivyojikunja, anasema, wataalamu watapata pa kuipiga kwa dawa. Siku ya kuondoka, pale stesheni ya Tabora, Xavery alimwapisha jambo moja tu: zebaki asiiguse maisha yake yote. Treni ilipoondoka alibaki kwenye benchi mpaka alipokisia imefika Tura, stesheni ya mbali njiani. Tangu siku hiyo nyumba imekuwa kubwa mno kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona macho mekundu?"

"Baba, imeonekana! Protini imeonekana!"

Xavery alicheka mpaka akakohoa. "Si ulisema zile nukta za eksirei zimegoma?"

"Ziligoma kweli. Napiga eksirei kwenye fuwele, protini iliyogandishwa ikawa kipande kidogo kama punje ya chumvi, napata maelfu ya nukta, lakini zinanipa nusu ya habari tu. Lazima niingize ndani ya fuwele kitu kizito, nijue kimekaa wapi, ndipo nipate pa kuanzia kupima vingine vyote. Platini ilizivunja fuwele. Dhahabu haikushika."

"Na sasa kimeshika nini?"

Levina akatazama pembeni. Mtu aliyekaa Lusu miaka minane hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Levina."

"Ilikuwa kidogo sana, baba. Chumvi ya zebaki tu, ndani ya tone moja. Navaa glovu mbili mbili, na kuna mashine inavuta hewa."

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

Kwaresima! Na sasa ni Oktoba. Jumapili zote hizo wamesalimiana, wameulizana habari za mvua, na mtoto amenyamaza nalo. Hasira ilimpanda Xavery, kisha ikashuka, akabaki na hofu peke yake.

"Nyoosha mikono niione."

"Baba, jamani..."

"Nyoosha!"

Akanyoosha. Vidole vyote kumi vilikuwa vinatetemeka. Xavery akausogeza uso karibu na kioo cha simu.

"Si zebaki, baba, nakuapia," Levina alisema, machozi yakimtiririka. "Maabarani mikono haitetemeki hata kidogo. Naokota fuwele moja moja kwa kitanzi chembamba, na haidondoki. Ni kwamba protini ilipoonekana niligeuka nikuonyeshe, na hukuwepo. Tangu juzi nalia tu."

Hilo Xavery alilijua vizuri. Mara ngapi naye amegeuka, chai mkononi, amwambie binti yake jambo, akakuta kiti kitupu! Kwa uchungu wa kumtamani akaisahau mikono yake mwenyewe, akainyoosha mbele aishike ile ya mwanawe. Vidole vikaigonga chupa, simu ikaanguka kifudifudi mezani. Alijaribu kuiinua mara ya kwanza na ya pili, ikamponyoka.

"Baba? Huku kumekuwa giza. Bado unaniona?"

Xavery akaifunika simu kwa viganja vyake viwili.

"Nakuona, mama," alisema. "Usiishushe mikono."