Sina Neno la Kumwita

…na huyu mjane kwenye filamu anamwambia mpangaji wake amsogezee chumvi, na Waingereza, heri yao, wana neno moja tu, “you,” la kumwita mfalme, mbwa na mume, mimi ninayeitafsiri kwa Kipolandi nifanye nini, niandike amsogezee chumvi “Bibi” na “Bwana,” au “wewe” na “wewe,” maana jioni runinga ikisema “wewe” Poland nzima itajua wameshalala pamoja, na bado, au tayari, sijui, mwandishi hakusema, hana haja ya kusema… asubuhi nimepambana na neno lao jingine, “fair,” mara ni haki, mara maonyesho ya kijijini, mara nywele za rangi ya ngano, hilo nimelimaliza kwa kikombe kimoja cha kahawa, lakini hili la chumvi limenikwamisha, na mgongoni kwangu mama mkwe anapiga donge la unga mezani, pu, pu, “Kuna watu wanalipwa kwa kukaa,” analiambia donge, haniambii mimi, miaka sita hajaniambia mimi, na mimi sijamwambia yeye, Bi Otylia wa watu, siwezi kumwita Bi Otylia, nimeolewa na mwanawe, nalala chumba cha pili, na “Mama” siwezi kujichukulia, mkubwa ndiye anayetoa, kwetu ndivyo ilivyo, siku ya harusi mkwe ananyanyua glasi anasema niite Mama, basi yamekwisha, yeye alinyanyua glasi, akasema, “Haya, kuleni, nyama inapoa”… tangu siku hiyo naongea kama mtabiri wa hali ya hewa, bila kumtaja mtu, je, chai itanyweka, je, dirisha lifungwe… na Kalina, mwenye nyumba tunayotaka kuhamia, anataka jibu kabla ya saa sita, nyumba yake mjini Toruń, vyumba viwili, ufunguo wangu mwenyewe, tusipochukua anampa mwingine, na Seweryn, mume wangu, shujaa wa kuendesha tramu, amevaa koti asubuhi, “Mwambie Mama wewe kwamba tunahama, wewe ndiye mwenye maneno,” akatoka mbio, mwoga mkubwa we, nimwambie nani, nianzeje, samahani nani?… “Jibini imepungua tena, au kuna panya mwenye miwani humu,” anasema mama mkwe, nami ndiye mwenye miwani, najibu, “Itanunuliwa,” Mungu wangu, itanunuliwa!… na ile siku alipoanguka bafuni, nilisikia kishindo, nikasimama mlangoni na taulo mkononi, nikafungua kinywa, hakuna jina, nikapiga kelele “Haloo! Haloo!” kama kwenye simu mbovu, mtu kalala kwenye vigae anavuja damu nyusini na mimi namwambia haloo, naye akajibu, “Niko huku,” basi, nikamfuta damu, akanishika mkono mpaka ambulensi ikafika, akanishika kwa nguvu, sasa sema, nikawaza, sema basi, bibi we, akasema vigae vina baridi… nilimchukia, tena namchukia sasa hivi, na mkono ule siusahau… simu inatetemeka, Kalina, “Vipi?”, saa sita kasoro kidogo, kishale cha kompyuta kinapepesa kwenye chumvi ya mjane… na nikihama bila kumwita nitakuwa nimehama kama mpangaji, atafunga mlango, majirani wakimuuliza atasema kuna mtu alikuwa akikaa hapa… pu, pu, anakata vipande, namchungulia juu ya bega, anavijaza, ananipangia vile vya jibini upande wangu wa sahani, vya uyoga upande wake, anajua uyoga unanidhuru, nani alimwambia, sikumwambia, kumbe huwa ananitazama nikila… lakini hatatoa, jamani, hatatoa hata nikizeeka kwenye kiti hiki, nimekaa miaka sita nikingoja kupewa kama mtoto anayengoja peremende, na kama ni dhambi kujichukulia basi nitajichukulia, nitageuza kiti hiki niseme, Mama, tunahama, yote mawili kwa pumzi moja, la kwanza halitafuta la pili, alie, atukane, anirushie unga, ila safari hii atajua anasemeshwa yeye na ananisikia mimi… “Supu nayo je,” anauliza ukuta, mikono yake imejaa unga, “inywewe au isinywewe?”, na mimi nimeshika ukingo wa kiti, sijageuka bado, lile neno liko kwenye meno.