Firigisi ya Mwalimu Luka

Mwalimu Luka alikuwa amestaafu, ila mdomo wake haukupewa barua ya kustaafu. Kwa kuwa hakuwa tena na darasa, mafunzo yote yalimwangukia Yasinta, binti wa dada yake, aliyekaa kwake Masasi kwa ajili ya shule ya sekondari.

Kwao kijijini Mkunya, mtoto wa dada akiharibika, anayenyooshewa kidole ni mjomba. Basi dada yake Wilhelmina alipopiga simu kwamba anakuja Jumamosi, na kwamba akimkuta binti yake hana adabu atarudi naye nyumbani, Luka alikosa raha. Alimpenda yule mtoto. Bila yeye nyumba ingebaki na redio, na redio haisemi shikamoo.

Akanunua karatasi ya manila, akaandika masomo kumi na mawili ya mila, akaibandika ukutani. La kwanza, salamu. La nne, kumpokea mgeni mzigo. La saba alilipigia mstari mwekundu: firigisi ya kuku ni ya mkubwa wa heshima aliyepo. Wiki nzima alisomesha, fimbo mkononi, na Yasinta akaitikia "Ndiyo, mjomba" huku akichambua mchele. Baada ya miaka thelathini na mitatu ya ualimu, Luka bado aliamini kwamba anayeitikia ameelewa.

Jumamosi Wilhelmina akafika na kikapu chake cha korosho. Yasinta akapiga goti, "Shikamoo, mama," akampokea kikapu. La kwanza, la nne, Luka akahesabu moyoni, kifua kimemjaa. Ukaja ugali wa muhogo, na kuku naye akaja. Wilhelmina akageuza vipande kwenye bakuli, kimoja kimoja.

"Firigisi iko wapi?"

"Nimempelekea Babu Muharami, mama."

Muharami alikuwa fundi cherehani mzee, akiishi peke yake nyumba ya pili.

"Nani kakufundisha kumtanguliza jirani, mgeni yupo?" Wilhelmina akauliza.

"Mjomba."

"Mimi?" Luka akaelekeza fimbo ukutani. "Somo la saba linasemaje?"

"Linasema hivyo, mjomba. Lakini kila tukichinja kuku nakutengea firigisi, na wewe unaifunika kwenye kibakuli, unampelekea Babu Muharami. Nikajua ndiyo desturi ya nyumba hii."

Wilhelmina akamtazama mdogo wake, sauti ikalainika. "Kumbe una moyo huo, Luka, na husemi."

Luka alijaribu kuichukua sifa hiyo akanyamaza nayo. Alidumu pumzi tatu. Ukweli ni kwamba magego yake yaliisha kabla ya utumishi wake, na firigisi kwake ilikuwa sawa na kutafuna kandambili. Muharami, pamoja na uzee wake, alikuwa na meno kamili. Luka aliona haya mtoto asije akajua, ndiyo maana akawa anaitoa.

"Dada, ni meno," akasema. "Sina. Wala haukuwa wema."

Wilhelmina akacheka mpaka akashika ubavu. Yasinta hakucheka.

"Nilijua, mjomba, tangu mwaka jana. Lakini Babu Muharami akisikia tunachinja, anasogeza kiti mlangoni. Anangojea."

Luka akaitazama manila yake yenye mwandiko mzuri. Hilo halikuwemo, na yeye hakuwahi kukiona hicho kiti, ingawa alipita pale na kibakuli mwaka mzima.

"Huyu abaki hapa hapa," Wilhelmina akasema. Akalitafuta ini kwenye bakuli, akamwekea mdogo wake. "Kula. Hili halidai meno."

Luka akalila ameinamisha uso, kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na somo la kumi na moja linamkataza mtu mzima kulia mbele ya mgeni.