Gari Lisilokuwa la Padri

"Mupya njo mupya, Mama Verdiane. Imeshuka ku meli, haijakanyaga matope ya Congo hata siku moja, ile iko mupya. Unataka nini tena?"

"Nataka ile matako ya muntu haijakalia."

Papa Gustave akanigeukia mimi, kana kwamba hayo matako ni yangu. Alikuwa upande wake wa ua, mguu mmoja juu ya jiwe. Mama Verdiane upande wake, mikono kiunoni. Na mimi katikati, mwiko wa sombe, kisamvu chetu, mkononi, kwa sababu nyumba yangu ndiyo iliyowatenganisha hao wawili. Tena mahali pangu ndipo pekee pale Kashebere ambapo simu ilishika rezo bila mtu kupanda mti. Ukitaka habari za yeyote, kuanzia Walikale mpaka Masisi, ulikuja kula kwenye malewa yangu. Benchi mbili, paa la bati, sufuria tatu. Sikupenda kuziona benchi zile zikikaa wazi. Zikikaa wazi mimi huumwa kichwa.

"Mama Plamedi, sema na jirani yako," akasema Gustave. "Matako ya Mujapani iko na zambi gani?"

Waliokuwa wanakula wakacheka. Verdiane hakucheka. Alikaza kitenge chake, akaingia kwake, na mlango ukafungwa polepole, jinsi unavyofungwa na mtu ambaye hakukasirika bali ameamua.

Hapo ndipo Gustave alipotoa mguu juu ya jiwe. Hata yeye alielewa kwamba utani wake umekwenda mbali kupita alipotaka.

Gustave zamani alikuwa mwindaji. Msitu ulipojaa bunduki zisizowinda nyama, aliacha mitego akaanza kununua makemba, ndizi za kupika, na mafuta ya mawese upande wa Walikale. Verdiane aliteremka kutoka Muheto na mwanawe Christian, akawa anapokea fromaji, jibini za vilima vya Masisi, zile duara za njano zinazonukia kama zizi lililofagiliwa. Mali yote ilipanda pikipiki, na faida yote ilibaki kwa mwenye pikipiki. Mvua ikinyesha, ndizi ziliiva njiani na fromaji zilitoka jasho kama mgonjwa wa malaria. Ndipo wakakubaliana: pick-up moja kwa watu wawili. Mmoja peke yake asingeweza. Mtu wa msitu na mtu wa vilima kununua kitu kimoja, katika miaka ile, lilikuwa jambo la kuzungumzwa, na mimi nililizungumza kila mahali.

Dereva angekuwa Christian. Na hapo ndipo mfupa ulipokwama.

Hakorimana, mume wa Verdiane, alinunua pick-up wakati wangali Muheto. Iliwabeba vizuri. Siku moja, kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mtu aliyekuwa anapita kwa miguu alisimama, akapeleka kidole chini ya mlango wa nyuma, akakuta msumari uliokunjwa. Msumari ule mpita njia huyo aliupigilia yeye mwenyewe. Gari lilikuwa lake. Liliporwa katika vita vingine, na mdogo wake aliuawa akiwa ndani yake. Nani angemsikiliza mtu mwenye usukani mkononi akisema, mimi nilinunua tu? Hakorimana alichukuliwa na wenye bunduki. Alirudi, ndiyo, lakini alirudi kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno, na mvua zilizofuata tukamzika.

Sasa mtoto wake wa pekee ndiye angeshika usukani na kupita barrière zile zile. Kwa hiyo Verdiane aliposema matako ya watu, hakuwa anasema matako.

Kazi ya kubishana bei nilipewa mimi. Si kwamba nilisoma. Darasa la nne lilinitosha, na mwalimu alisema lilimtosha hata yeye. Ila soko lilinifundisha kwamba bei ni kama mgeni aliyekaa kwenye kiti chako: hutamsukuma, utamwimbia mpaka asimame mwenyewe. Nilinunua mega za intaneti, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikaanza.

Wauzaji tuliwapata Facebook. Walioandika bei bila kuzungushazungusha walikuwa wawili: Benoît wa Goma na Mama Valérie wa Bukavu. Kila mmoja alituma proforma yake, karatasi ya bei iliyoandikwa "mupya", na picha za pick-up nyeupe, mbele, nyuma, na chini. Nilichukua proforma ya Benoît nikamtumia Valérie. Nikachukua jibu la Valérie nikamtumia Benoît, nikiongeza kwa sauti yangu tamu ya kuuzia maharagi: "Kaka, ona vile mwenzako anatupenda." Nyumba ilijaa. Kila mwenye kumaliza sahani yake alikuwa na shauri. Mmoja alisema tutaje kwamba tumekimbia vita mara ngapi. Mwingine alisema hapana, muuzaji akisikia vita atajua tuna haraka.

Valérie hakusogea. Alituma ujumbe mfupi: "Mama, bei ya huyo ni ya kitu ingine." Tukasema wivu. Tukasema watu wa Bukavu ndivyo walivyo, na mtu mmoja aliyeoa Bukavu alithibitisha.

Benoît, yeye, aliteremka. Ukimgusa anateremka, ukinyamaza anateremka. Mchana ule alifika chini kabisa, kwenye bei iliyomfanya Gustave avue kofia na kuiweka juu ya goti, kama yuko kanisani.

"Funga hapo," akaniambia. "Funga kabla arudiwe na akili."

Ndipo mlango wa jirani ulipofunguka. Kuta zetu ni za mbao. Verdiane alikuwa amesikia kila neno. Alikuja akasimama kando ya meza, akaomba simu.

"Bei yenye inashuka bila kusukumwa," alisema, "iko na kitu inakimbia."

Akabonyeza kwa kidole gumba, akaileta simu karibu na mdomo, akamwuliza Benoît kwa sauti ya kawaida kabisa: "Papa, mama yake ni nani?"

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda.

Nyinyi msiotoka vilimani lazima niwaeleze. Kule Muheto hununui ng'ombe kwa kumtazama. Unauliza mama yake ni nani, alikamuliwa na nani, alilala zizi la nani. Mwenye kuuza anataja, mbele ya watu, na alichokitaja kinakuwa juu yake. Ng'ombe akileta shida, unarudi kwa mdomo uliosema. Verdiane alikuwa ameuliza gari swali la ng'ombe. Hakukosea ulimi. Lilikuwa ndilo swali alilokuwa nalo.

Vile vialama viwili vikawa bluu. Benoît amesikia. Hakujibu.

Tukangoja. Sombe ikashika chini ya sufuria na sikuinuka. Gustave alianza kwa upole, kisha upole ukamwishia. "Umemutusi. Muntu anakuuzia gari, unamuuliza mambo ya mama yake? Mi ningekujibu nini? Ona sasa. Amekimbia."

"Akimbie," akasema Verdiane.

"Na ndizi zangu zikimbie na yeye? Mama Verdiane, kama hautaki gari pamoja na mi, sema. Usipitie kwa mama ya muntu."

Lile lilikuwa neno zito, na kila aliyekuwepo alilielewa. Maana chini yake kulikuwa na jingine: kama hutaki gari na mtu wa upande wangu. Mimi ninayependa maneno sikupenda yale. Nilijisikia niko kwenye matanga ya kitu ambacho hakijafa bado.

Simu ikalia. Si ujumbe, Benoît mwenyewe alikuwa anapiga. Nikaiweka kwenye kipaza sauti.

"Nani huko aliniuliza mambo ya mama?"

"Ni mimi. Naitwa Verdiane. Nauliza ile gari ilikuwa ya nani."

"Mama, mi nasemaka mupya sababu haijatembea Congo. Huku Goma batu bote banasema vile." Tulisikia honi nyuma yake, na mtu akiuza maji. "Ile ya Bukavu njo mupya ya kiwanda. Munapimanisha mbuzi na ng'ombe, mama zangu. Yangu ilikuwa na muntu, kule Ujapani."

Nilimtazama Gustave, naye alitazama kofia yake. Siku nzima tulikuwa tumempiga mtu kwa bei ya mali isiyofanana na yake, na yeye akavumilia, kwa kuwa neno moja, mupya, lilikuwa na maana mbili na kila mmoja alishika ile iliyomfaa.

"Muntu gani?" Verdiane akauliza.

Honi tena.

"Sijui."

"Haujui?"

"Ningeweza kusema ilikuwa ya padri. Bote tunasemaka ilikuwa ya padri, batu banapenda. Lakini ule muntu sijamuona, jina yake siijui. Niko na karatasi ya meli na ya ushuru wa douane. Njo vyote niko navyo. Sasa kama munakataa, museme, niko na mukiriya mwingine wa kuinunua."

Verdiane aliisukuma simu kuelekea kwangu kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anasogeza kikombe kilichojaa.

"Tunachukua ya huyu," akasema.

Gustave aliinua kofia gotini. "Lakini iko na matako."

"Nimesikia."

"Asubuhi yote umenipigisha kelele juu ya matako."

"Gustave. Ile ya Hakorimana ilikuwa ya padri." Hakuinua sauti. "Mwenye aliuza alitupatia mpaka jina ya paroisse, parokia yake. Alitupatia mpaka ugonjwa yenye ilimuua ule padri. Nililia. Kweli nililia, juu ya padri wa kutungwa, mwenye hakukuwaka."

Hata yule aliyeoa Bukavu aliacha kutafuna. Gustave akaniambia, sauti imemshuka: "Muambie alete."

"Alete yeye mwenyewe," akaongeza Verdiane. "Na karatasi zake mukononi. Kila barrière aseme jina yake, na aseme ameuza kwa nani. Mutoto wangu atakuwa pembeni yake, akisikia."

Benoît alikataa, nikamwimbia. Alikubali mwishowe, nadhani si kwa ajili ya wimbo wangu. Nadhani hakuna mteja aliyewahi kununua kwake kwa sababu ya neno alilofikiri linamharibia biashara.

Tangu wakati ule barabara imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Watu wa upande huu wamekimbilia upande ule, na wa ule wamekuja huku na magodoro vichwani, na mimi nimepikia wote. Watu wananiuliza ilikuwaje Gustave na Verdiane wakabaki na gari moja wakati ndugu wa tumbo moja waligawana mpaka mbuzi. Huwa nawaambia habari ndefu, kwa kuwa napenda kusikilizwa. Lakini ukinibana, nitakuambia tu kwamba siku ile walimsikia pamoja mtu akisema sijui.

Gari lilifika mchana, mvua imekatika, limepakwa matope mpaka kwenye vioo. Christian alikuwa pembeni, kama mama yake alivyotaka, uso umechoka na umetulia. Benoît alikuwa mtu mdogo wa mwili kuliko sauti yake, viatu vya mjini, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alipozima mota, gari lilisema kitu: sauti ya mwanamke, ya upole, ya Kijapani, maneno machache kisha kimya. Watu waliokuwa wamelizunguka wakarudi nyuma.

"Inasema nini?" Gustave akauliza.

"Hata mi sijui," akasema Benoît. "Inasemaka vile kila siku."

Verdiane alilizunguka. Alipitisha kiganja chini ya kila mlango, polepole, akirudia pale penye kutu. Kwenye kioo cha nyuma alifuta tope kwa kitenge, na pakatokea picha ndogo ya kubandika, sungura wa rangi ya waridi, ya mtoto wa mtu. Gustave akatoa kisu ili aikwangue.

"Acha," akasema Verdiane. "Inakusumbua nini?"

Akakirudisha kisu mfukoni.

Benoît alimkabidhi Christian funguo na bahasha ya karatasi. Alisimama akitazama wingu lililokuwa likirudi juu ya msitu, akauliza kama kuna pikipiki ya kumfikisha Masisi. Watu walitazama viatu vyake vya mjini. Nadhani kila mtu alikuwa anakumbuka jinsi tulivyomsumbua. Alianza kukunjua suruali yake, mguu mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyemaliza.

Verdiane alikwenda kwenye ndoo yangu, akachota maji kwa kikombe changu, akamletea anawe mikono. Akaninyang'anya na benchi, akamgusa begani mtu aliyekuwa amekaa ili asogee.

"Papa Benoît," akasema, "ile mvua utaenda nayo wapi? Ingia. Sombe ingali ya moto."