Kizimba cha Bimkubwa

Fundi vioo yule walimwita Milimita, na jina lilimkaa sawasawa. Ukitaka akutengenezee kabati la kuwekea vikombe vyako vya ushindi, atakuambia ulete vikombe kwanza. Hakati kioo kabla ya kupima kitakachokaa ndani, hata umpigie magoti. Mwenye duka la saa alijaribu kubisha, akasindikizwa mpaka mlangoni kwa heshima zote, na kesho yake akaja na saa zake kwenye kapu.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa siku ya tatu anajenga kizimba cha buibui ambaye hajamtia machoni, na wala hakuona kasoro.

Buibui mwenyewe si hawa wembamba wa kwenye pembe za dari. Ni tarantula, ana manyoya na miguu ya kujaza kisahani, na anaitwa Bimkubwa. Anayemfuga ni binti wa pekee wa Milimita, aliyehamia kwa shangazi yake miaka miwili iliyopita, baada ya baba kumtupa nje buibui wake wa kwanza, kopo na vyote. Milimita alidai alikuwa anafanya usafi. Ukweli ni kwamba aliogopa, na mwanamume mzima anayepandisha vioo vya madirisha ghorofani peke yake hakujua aanzie wapi kusema hivyo. Basi binti akafunga virago, na nyumba ikapooza.

Juzi shangazi alipiga simu. Anahamia chumba kimoja, nafasi hakuna. Akamwambia kaka yake bila kupindisha kwamba mtoto atakuja Jumamosi kuangalia, na asiporidhika na mahali pa Bimkubwa atakwenda kupanga huko mbali karibu na kazini kwake, na hapo kaka atakuwa anamwona kwenye picha. Milimita alikaa roho juu. Akampigia binti na kumuuliza swali moja tu, kama buibui huyo hupanda kioo. Akajibiwa kwamba hupanda. La pili hakuuliza.

Jumamosi asubuhi kizimba kilikuwa kimesimama katikati ya karakana, kinamfika mtu kifuani. Kioo kinene, kingo zimesuguliwa zikalainika, makufuli mawili, mfuniko mzito wenye matundu ya hewa. Milimita alishakizunguka mara sita akijipongeza kimoyomoyo. Humo hata simba angeomba radhi.

Binti akaingia amekumbatia boksi la plastiki lililofunikwa kitambaa. Akatoa shikamoo, akaitikiwa, akaliweka boksi mwisho wa meza, na baba akajikuta yuko mwisho wa pili. Binti alikizunguka kizimba, akapitisha kidole kwenye kingo, akaisifu kazi kwa moyo safi. Halafu akainua macho mpaka kwenye mfuniko, akayashusha mpaka sakafuni, na Milimita hakulipenda tazamo lile.

"Baba, ni kizuri mno," alisema. "Lakini huyu ni buibui wa ardhini. Atapanda mpaka juu, ataanguka, na tumbo lake litapasuka. Siwezi kumweka humu."

Akaeleza kwamba Bimkubwa anataka sakafu pana, udongo mwingi wa kuchimba, na paa la chini, ili hata akiteleza asiumie. Milimita akaanza kutetea makufuli. Binti alimwacha amalize, kisha akamuuliza taratibu kimo kile alikipata wapi, yeye anayepima mpaka kijiko.

Jibu la uongo lilikuwapo mdomoni mwa Milimita, tena zuri. Akalimeza.

"Kwenye woga wangu," alisema. "Nilikuwa namjengea asinifikie mimi. Na yule wa kwanza nilimtupa kwa woga, mama, si kwa usafi. Nisamehe."

Binti hakusema yamekwisha. Alisema alimtafuta yule buibui kwenye majani siku nzima, na kwamba iliuma, na bado inauma. Kisha akalisogeza boksi katikati ya meza na kuondoa kitambaa. "Haya, mpime."

Milimita alipiga moyo konde, akanyoosha futi yake juu ya plastiki. Sentimita kumi na nne, miguu ikiwa imetandazwa. Bimkubwa akainua mguu mmoja, fundi akarudi nyuma hatua mbili, kisha akaja tena mezani kumalizia upana.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Alipitisha wembe kwenye gundi, akakibomoa alichojenga siku tatu, akakata vioo upya huku binti akimshikia rula. Walibishana kuhusu kina cha udongo, na Milimita akashindwa kwa furaha. Saa tisa kizimba kipya kilikuwa kimeungwa, kipana, kifupi, hakina hata dalili ya majivuno.

Lakini gundi mbichi inatoa harufu kali, na harufu ile ingemdhuru buibui. Ilitaka wiki nzima ikauke. Milimita alijua hilo tangu asubuhi, na alikuwa analikwepa.

"Basi utarudi naye kwa shangazi yako mpaka ikauke?" aliuliza, macho chini.

Binti akalinyanyua boksi na kulifunika vizuri. "Wiki moja atavumilia humuhumu," alisema. "Naliweka chumbani kwangu."

Akaingia nalo ndani ya nyumba kwa mlango wa jikoni. Milimita alibaki karakanani anafuta kioo kilichokwisha kutakata, machozi yanamtoka, na hakuwa na nia ya kuyaficha.