Mlango Uliorandwa Mara Mbili

Sudi aligonga nguzo kwa nyundo, akapuliza vumbi, akapima. Kutoka pete ya nondo hadi pete nyingine, shibiri tatu. Haikupaswa kuzidi moja. Aliandika kwa chaki, akahamia nguzo ya nne. Zilikuwa kumi na mbili.

Jumba hilo la orofa sita, pale Makomeno, lilianguka Jumapili na kuua watu wawili. Mtaa ulishahukumu: limelipuliwa, na aliyelipua ni Désiré, mpangaji wa chini, fundi baruti wa mgodi wa Kipushi. Saa moja kabla, alionekana akitoka na mfuko mkubwa. Sasa yuko mahabusu. Mkewe, Mujinga, ndiye aliyemwomba Sudi, mfunga nondo wa siku nyingi, aje atazame.

Sudi hakumwamini mtu, hata Mujinga. Video aliirudia mara ishirini. Kweli, vumbi lilifyatuka madirishani orofa baada ya orofa, na watu wakasema hiyo ni baruti. Lakini ukikalia mfuko wa saruji uliotoboka, vumbi hufyatuka vivyo hivyo. Tena nguzo ya kulipuliwa hutobolewa kwanza, na hapa hakuona tundu. Aliona orofa mbili zilizoongezwa juu ya nguzo za orofa nne.

"Basi wende ubaambie bapolisi, papa Sudi," Mujinga alisema.

"Nimepima nguzo ine tu, haiko kumi na mbili, mama. Na ule mufuko? Alijua namna gani?"

Mujinga alijibu: "Mulango ilikuwa inakwama, tangu jeudi, siku tatu mbele ya kuanguka. Akairanda mara mbili. Siku yenyewe, dimanche, ikafunguka kwa bega. Akasema nyumba inashuka, tutoke. Alimwambia proprio, mwenye nyumba, akamucheka: ati muntu wa mine ya Kipushi anaogopa mulango."

Maneno yalipangika vizuri mno. Mke atasema lolote kumwokoa mumewe. Lakini mlango hauna mume.

Wakaanza kuufukua. Jioni ilitokea kona moja: rangi ya buluu, na ukingoni mbao nyeupe. Sudi aliipapasa. Laini. Hata hivyo, kona si mlango. Sehemu iliyobaki ilikuwa chini ya zege, na zege lilitaka jeki.

Barabarani dereva wa lori la mwenye nyumba alikuwa akiwatazama tangu mchana. Alisema ameagizwa kesho asafishe kiwanja chote, akianzia upande huo.

"Kwa nini upande huu?" Sudi aliuliza.

Dereva alisema ndivyo mwenye nyumba alivyotaka.

Mujinga alitandika kitenge juu ya lile zege, akakaa. Sudi alifunga vifaa vyake. Kesho alfajiri, kabla ya lori, angeleta jeki.