Koti Lililogeuka

Mtaani wananiita Pasi Moto, na si kwa sababu ya pasi. Nimeshona makoti ya wanaume kwa miaka thelathini na minane katika chumba kimoja chenye mlango wa bati na meza ndefu ya kukatia, na katika miaka hiyo nimefundisha wanafunzi watano. Wote watano walikimbia. Mmoja aliacha hata viatu. Mke wangu husema nina kipaji cha kuwafundisha watu mbio, nami humjibu kwamba koti halishonwi na watu wa kubembelezwa.

Wa sita alikuwa mke wa mwanangu. Mwanangu ni dereva wa malori, wiki mbili yuko barabarani na siku mbili yuko kitandani, kwa hiyo mkwe wangu akaona bora aje kujifunza kazi kuliko kukaa akimsubiri. Alikuja na adabu zake zote. Shikamoo baba, kiti akakifuta, pini akazipanga. Kisha akashika mkasi kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia abadilishe mkono. Akabadilisha, akakata kitambaa kama panya aliyekosa meno. Kesho yake mkasi ukarudi kushoto, nami nikang'aka. Siku ya tatu nikamwambia, tena mbele ya mteja, kwamba mkasi haujui mashoto na mimi pia siwajui. Alikunja aproni yake vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaondoka.

Hakwenda mbali, maana nyumba ni moja. Kuna cherehani ya zamani ya mke wangu katika chumba cha nyuma, na haikupita wiki nikaanza kusikia sauti ya mwanamume huko ikisema taratibu, sasa tunakunja hapa, sasa tunapiga pasi, hatuna haraka. Nikauliza huyo ni nani. Mke wangu akasema ni mwalimu wa mkweo, anaishi ndani ya simu, na hajawahi kumsikia akimtukana mtu. Nilicheka hadi nikakohoa.

Miezi minane ikapita hivyo. Alianza na foronya, akaja kwenye blauzi, kisha magauni ya majirani, na ukweli lazima usemwe hata kama unachoma: magauni yale yalikaa miilini. Mwalimu wake hakuchoka. Akikosea, humrudisha nyuma kwa kidole, na yule bwana huanza upya kwa upole uleule, hata mara arobaini. Mimi nikiulizwa kitu mara ya pili, mishipa ya shingo husimama. Lakini nilimwona pia akikwama. Siku moja aliandika swali kwa mwalimu, kwa nini bega la gauni linakunjamana, akasubiri jibu siku nne. Alijibiwa kwa picha ya kidole gumba na ya moyo.

Basi macho yangu yakaharibika. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, akanipangia tarehe ya kupasuliwa. Wakati huohuo mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa ameniletea kitambaa cha sufu ya kijivu, anastaafu, anataka koti la kuvaa Jumamosi ya kuagwa kwake. Nilimpima kwa mazoea ya mikono. Nilipoinamia meza na chaki, mstari sikuuona. Nikachora tena, sikuuona tena. Nikakaa chini nikajua kazi yangu imekwisha. Nilimwambia mke wangu kwamba kitambaa kirudishwe kwa mwenyewe, na cherehani zote mbili za dukani ziuzwe, kwani jirani muuza vipuri alikuwa akikitamani chumba kile miaka mingi.

Mkwe wangu alikuwa anatia maji kwenye pasi. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba, nipe siku tisa. Nitalishona mimi."

Nilikubali kwa shingo upande, na kwa masharti ya kipuuzi ambayo nilidhani ni ya kifundi. Nilisema nitaweka kiti mlangoni nimpe mgongo, nisitazame mpaka koti liishe, kwa sababu kazi uliyosaidiwa si yako. Mwalimu mkuu akilivaa Jumamosi, meza ni ya mkwe. Asipolivaa, Jumatatu cherehani zinauzwa. Mke wangu akaniita punda. Kisha akaniletea kiti.

Siku tisa nimekaa pale nikisalimiana na wapita njia na kusikiliza kwa masikio mawili yaliyosimama. Fundi husikia mengi. Nilisikia cherehani ikienda sawasawa, nikasikia pasi ikipumua juu ya kitambaa chenye unyevu, na sauti ya yule bwana ikisema hatuna haraka. Siku ya nne umeme ulikatika asubuhi, simu ikazimika, cherehani ikakaa kimya hadi alasiri, naye akimsubiri mwalimu aamke. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, mzima, nimeshiba, najua kila kilichokuwa ndani ya ile simu na zaidi. Sikugeuka.

Siku ya tisa, Alhamisi, akaniita. Sanamu ilikuwa imevishwa koti. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikaanza na vidole kwanza kama ilivyo desturi yangu. Kola imelala. Mshono wa mgongoni umenyooka. Ndani ya bitana kulikuwa na mfuko mwembamba wa miwani ambao mimi sijawahi kuushona maishani, na niliupitisha kidole mara mbili kwa wivu. Bega la kushoto lilikunjamana kidogo. Kisha mkono wangu ukaenda kwenye mfuko wa kifuani, ukakuta kitambaa kitupu. Nikapapasa upande wa pili. Mfuko ulikuwa kulia. Matundu ya vifungo pia yalikuwa kulia. Koti la mwalimu mkuu lilifungwa kama blauzi, na matundu yale yalikuwa yameshakatwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Mke wangu, aliyesimama nyuma yangu na sufuria, akanigusa nayo kisogoni, si kwa nguvu sana, lakini nikaufunga.

Mkwe wangu alisema amefanya vilevile kama mwalimu, hatua kwa hatua, na kwa kuwa ameshona nguo za kike tu hakuona ajabu. Nikamwambia anionyeshe huyo mwalimu. Siku zote alikuwa akimtazama kwa picha hafifu ili bando lisiishe, basi nikamwambia leo amfungue kwa picha safi na bando life likitaka. Nikaweka kioo changu juu ya simu. Watu wengine wangetazama mikono ya yule bwana. Mimi nilitazama futi aliyoivaa shingoni, kwa sababu fundi humjua mwenzake kwa futi yake. Namba zilikuwa zimegeuka. Mbili imegeuza uso, tatu imegeuza uso, na mfuko wa shati lake mwenyewe uko kulia.

Mkwe wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Akaniambia kwamba jamaa alikuwa akijirekodi kwa kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha, nayo inaonyesha mambo kama kioo cha kujitazamia, kulia kunakuwa kushoto.

"Kwa hiyo hata yeye si mashoto," akasema.

Sikuelewa, akanieleza. Alipitia walimu wengi kwenye simu, wote wanakata kwa kulia, akawa anageuza kila kitu kichwani mpaka kinauma. Siku aliyompata huyu, mkasi mkono wa kushoto, alilia. "Alikuwa mtu wa kwanza kunifundisha kwa mkono wangu, baba. Nikajua sina kasoro."

Aibu iliniingia yote kwa mpigo mmoja. Nilimfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya mkono aliopewa na Mungu, akaenda kutafuta mwalimu, akampata kwenye kioo. Na hata kosa lenyewe, ningegeuza shingo mara moja tu siku ya pili, chaki ikiwa bado juu ya kitambaa, ningeliona hata kwa macho yangu haya ya ukungu. Miaka thelathini na minane ya ujuzi, nami nimeikalia mlangoni. Nikamwambia, "Mashoto ni wewe, na kola hii mimi sijawahi kuishona hivi. Tatizo ni sehemu ya mbele tu, lakini kitambaa kimekwisha."

"Kimebaki," akasema.

Akafungua kabati akatoa sufu ya kijivu iliyokunjwa, zaidi ya mita. Wateja wangu wamenitania miaka yote kwamba mafundi tunakula vitambaa, na kwa kitambaa kile mimi nisingebakiza hata cha kofia. Yule bwana wa simu alikuwa amemfundisha kuvipanga vipande kabla ya kukata, hiki kichwa juu, kile kichwa chini, mpaka havipotezi hata pembe. Nilimsamehe yule bwana nusu ya makosa yake palepale.

Tukafumua sehemu za mbele Alhamisi hiyohiyo, akakata upya nikiwa kando yake, safari hii nikitazama. Ijumaa ikabaki kazi ya mikono ya koti, na lile bega lililokunjamana. Akaweka simu wima juu ya kopo la vifungo ili anirekodi, apate kurudia. Nikafundisha. Tulipomaliza akaifungua tusikilize, na nikasikia mzee mmoja mkali sana. Somo lenyewe lilikuwa sentensi tatu. Yaliyobaki yalikuwa mbuzi, kichwa maji, na maswali kuhusu aliyekuleta duniani. Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama ndivyo ninavyosikika siku zote. Mke wangu akaanza kucheka upya.

Nikamwomba aifute. Akasema ataihifadhi, ya kumchezea mumewe akirudi, lakini tunaweza kurekodi nyingine. Tukarekodi nyingine. Nilichukua kidole gumba chake cha kushoto nikakiweka begani pa koti, changu juu yake. "Usivute. Sukuma kidogo, ukisikie kitambaa. Bado. Bado." Tulikaa hivyo muda, mpaka sufu ikalegea chini ya vidole vyetu. "Hapo," nikasema. Akasema ameisikia. Hilo simu isingempa, kwa sababu simu haina kidole.

Jumamosi saa tatu asubuhi mwalimu mkuu akaja. Akavaa, akafunga vifungo bila kufikiri, na huo ndio ushahidi kwamba vilikuwa upande wake. Akainua mkono juu kama anayeandika ubaoni, akaushusha, akauinua tena. Bega halikupanda. Alipogundua mfuko wa miwani aliitia na kuitoa mara tano kama mtoto. Akaniambia hajawahi kuuona ufundi huu kwangu. Nikamwambia si wangu, ni wa huyo pale, naye akageuka akampa mkono na kumwomba asikimbie kama wale watano. Mkwe wangu akasema alishakimbia mara moja, inatosha.

Jirani wa vipuri bado anakitamani chumba.

Wiki tatu baadaye nilipasuliwa jicho. Bandeji ilipotoka niliona vumbi la duka langu na kufadhaika, kisha nikaona kidole gumba cha mkwe wangu. Kilikuwa na sugu nene, nyekundu pembeni. Nikachukua mkasi aliokuwa akitumia nikaugeuza mkononi, na ndipo nikaona, baada ya miaka thelathini na minane ya kuushika kila siku, kwamba mkasi umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Matundu yake ya vidole, ulalo wa makali yake, kila kitu. Kwa kushoto unamuuma mtu na unamficha mstari. Haukuwa mkono wake uliokosea hata siku moja.

Ng'ombe hazeeki maini. Niliazima simu ya mke wangu nikajifungia nayo chumba cha nyuma. Siku ya kwanza nilipiga picha dari. Siku ya pili nilikaribia kuagiza mkasi wa kukatia ua wa bustani. Siku ya tatu nikampata muuzaji mmoja mwenye video, akieleza polepole kuhusu mikasi ya mashoto, nami nikamrudisha nyuma mara kumi na moja, wala hakunikasirikia. Nikatazama kwanza namba za futi iliyokuwa mezani kwake. Zilikuwa zimekaa sawa. Nikaagiza.

Mzigo ulipofika nilimwita, nikampa, nikajifanya natafuta uzi. Aliufungua, akaingiza vidole. Akavuta kipande cha sufu ya kijivu kilichobaki, akakata toka upande huu hadi upande ule, mstari mmoja, bila kusimama. Kisha akaketi akafuta macho kwa aproni na kusema, "Baba, unakata wenyewe." Nikapigilia msumari wa pili ukutani, kando ya ule ninaotundikia mkasi wangu.

Alipotoka kuchota maji niliuchukua mkasi ule mpya niujaribu. Nikakata kama panya aliyekosa meno. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, ananitazama.

"Baba," akasema kwa upole, "badilisha mkono."